Wiki Yangu na Mwiko

Jumatatu, 16 Juni
Kezia, binti wa kaka yangu Faustini, kapata mchumba. Wakwe ni Wasukuma wa Nemba, na Jumamosi wanakuja hapa Nyamiaga kujitambulisha. Atahitajika msemaji wa ukoo. Msemaji ni mimi. Miaka tisa nimekaa nyuma nikipiga makofi, huku binamu yangu Gervas, katekista mstaafu, akirudia yale yale ya Adamu na ubavu. Inaniuma. Safari hii nitachambua neno moja la nyumbani mpaka wakwe waduwae. Nimechagua mwiko. Wa jikoni, wa fundi mwashi, na ule wa wazee usiovunjwa. Gervas hana habari.

Jumanne, 17 Juni
Utafiti umeanza. Nimemuuliza mke wangu, Theodosia, mwiko una kazi gani. Kasema kusonga ugali. Nikamwambia msomi haridhiki na jibu moja. Nimehamia jikoni na kigoda na daftari. Hadi saa saba nina kazi kumi na moja: kusonga, kupakua, kuonja chumvi, kufukuza kuku, kukomea mlango, kumnyamazisha mume, na kadhalika. Hiyo ya mume nimeishuhudia mwenyewe. Theodosia kasema, maadamu nimekaa pale, nikoroge maharage. Nimekoroga. Ndiyo kujifunza kwa vitendo.

Jumatano, 18 Juni
Maendeleo makubwa. Nimesonga ugali mara mbili. Theodosia kaniachia jiko lote, kashinda kwa jirani Ildefonsa, eti asivuruge utafiti. Mwanamke mwelewa sana. Saa kumi Gervas kapita, kanikuta nimebana sufuria kwa miguu, jasho linanitiririka. Kajiziba mdomo kwa kiganja, kaondoka mbio. Kaniogopa.

Alhamisi, 19 Juni
Kikao cha ukoo. Watu walicheka nilipoingia. Furaha ya kuniona. Faustini katangaza msemaji: Gervas. Nusura nilie mbele ya wanawake. Kisha kaongeza kuwa wakwe wamezoea ugali, sisi huku ni ndizi na maharage, na Gervas ameshuhudia kwamba mkono unaofaa ni wangu. Nitasongea watu arobaini. Wakapiga makofi. Sasa pima mwenyewe: msemaji husikilizwa robo saa, ugali hukaa tumboni mpaka kesho. Gervas kajikaanga kwa mafuta yake.

Jumamosi, 21 Juni
Ushindi! Gervas kasema ya Adamu, wakwe wakasinzia. Ugali ulipofika wakaamka. Mzee Nshoma, baba wa bwana harusi, kanawa mikono, kauliza nani kasonga. Nikaingia na mwiko mkononi, nikampa shikamoo, nikaanza hotuba. Nimefika kwa fundi mwashi tu, Faustini kanishika kiwiko, kaninong'oneza kwamba wageni wanaomba nyongeza. Ni hotuba gani ya Gervas imewahi kuombewa nyongeza? Wakati wa kuaga, Mzee Nshoma kasema ndoa wameikubali, ila harusini asonge mtu yule yule. Nimechaguliwa na wakwe wenyewe.

Jumapili, 22 Juni
Harusi ni Septemba. Msemaji hajatajwa, kwa hiyo nafasi ni yangu. Neno nimeshachagua: sufuria. Theodosia kasema utafiti wa sufuria huanzia kwenye kuosha, na za jana zipo zote. Nimezianza alfajiri, kabla Gervas hajaniwahi.