Mashavu ya Anatory

Jumatatu, 3 Juni 1991. Nyaishozi.

Siku tamu kuliko zote mwaka huu. Mwanangu Anatory ametimiza wiki nane na mashavu yake sasa yanafunika shingo. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akakaa hospitali wiki sita akipumua kwa taabu, hata nikaanza kuchagua mbao za jeneza kwa siri. Madaktari wakampa dawa ya steroidi. Akapumua! Tangu hapo anaumuka tu. Mbao zile nimezigeuza kigoda cha mama yake.

Zahanati imetangaza mashindano ya mtoto mwenye afya, Jumapili hii baada ya misa. Zawadi ni karabai. Jirani yangu Placidius alipita kuniambia, bila kuulizwa, kwamba binti yake ana kilo tano. Nikamwonyesha Anatory. Akamtazama mashavu, akaaga. Nimefurahi mno.

Jumanne, 4 Juni.

Balaa. Mke wangu Jovitha anasema dawa inapungua kuanzia Alhamisi. Sasa hivi tunaponda nusu kidonge kila asubuhi, tunakoroga na maziwa yake. Alhamisi itakuwa robo. Ndivyo alivyoagiza muuguzi Anonciata: kushuka polepole mpaka dawa iishe. Nikauliza, na mashavu? Jovitha akasema mashavu yale ni ya dawa, yataondoka na dawa. Siku tatu kabla ya mashindano! Nikashauri tungoje mpaka Jumatatu. Akanitazama anavyomtazama mbuzi aliyeingia kwenye maharage.

Jumatano, 5 Juni.

Nimepata. Vidonge visipoonekana, hakuna wa kuvipunguza. Kopo la vidonge nimelitoa kabatini. Nitalirudisha Jumapili jioni, tuendelee pale tulipoishia.

Tatizo ni mahali. Jovitha anajua maficho yangu yote. Lakini baba yangu, mzee Rwegoshora, amechimba shimo la kuivishia ndizi, tupate rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kumshangilia mjukuu wake aliyetoka hospitali. Nikalichomeka kopo pembeni, chini ya majani makavu ya mgomba, nikaenda senta kujisifu. Niliporudi ndizi zilikuwa zimepangwa, moshi umeingizwa, na kibarua wetu Theoneste anamalizia kufukia udongo. Baba akatangaza kwamba hakuna kugusa kwa siku nne. Shimo likifunguliwa mapema ndizi zinabaki ngumu, na pombe hakuna. Bora zaidi. Hata mimi mwenyewe siwezi kushawishika.

Alhamisi, 6 Juni.

Asubuhi Jovitha hakulikuta kopo. Akapindua nyumba nzima. Nami nikapindua, kwa bidii kumshinda. Akanituma kwa muuguzi kuomba vidonge vingine. Nikaenda napiga mluzi.

Nilimwamkia Anonciata vizuri, nikaeleza shida. Akasema zahanati haina dawa ile, inatoka hospitali, na huko ni safari ya siku nzima. Kisha akaketi. Akaniuliza, tangu Theoneste aje kwangu, jembe nimelishika lini. Nikasema hilo halihusiani. Akasema linahusiana sana. Juu ya figo za mtoto kuna tezi ndogo zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa yake. Homoni hiyo ndiyo inayoshikilia sukari ya damu na kumsimamisha mtu akiugua. Dawa ikija kutoka nje, tezi zinaona kazi inafanyika, zinalala, kama nilivyolala mimi. Ndiyo sababu dawa inapunguzwa kidogo kidogo, ziamke, zizoee jembe. Ukimwondoa kibarua ghafla, shamba halina mtu. Mtoto analegea, anatapika, sukari inashuka. Anaweza kufa, akasema, kwa sauti yake ile ile ya kila siku.

Sikumbuki njia ya kurudi. Nakumbuka jembe. Nililinyakua mikononi mwa Theoneste nikafukua mwenyewe, moshi machoni, ndizi zikiruka huku na huku, baba akiuliza nani ameniroga. Mungu wangu, nisamehe. Kopo lilikuwa na uvuguvugu tu. Anonciata alikuwa amenifuata kwa baiskeli. Akavikagua vidonge, akasema ni vizima, vikavu. Saa nne Anatory akapewa robo yake, akacheua, akalala. Nilikaa kando yake mpaka mchana nikilia bila aibu.

Nimekiri yote. Jovitha hanisemeshi. Baba anaongea na ndizi zake tu.

Jumapili, 9 Juni.

Sherehe ya rubisi imeahirishwa. Walioalikwa kukamua ndizi leo walikuja hata hivyo, wakanywa chai wakilitazama shimo. Kwenye mashindano Anonciata alisoma kadi ya Anatory, akasema mtoto aliye kwenye dawa hii hashindanishwi, maana mashavu yake hayasemi lolote kuhusu afya yake. Karabai amechukua Placidius. Alikuja kuniwashia niione vizuri, saa nane mchana.

Mikono yangu imejaa malengelenge. Theoneste alinipaka samli, akaniuliza kwa upole kama jembe ndilo lenye kasoro.

Jumamosi, 29 Juni.

Dawa imekwisha tangu wiki iliyopita. Anonciata amemchunguza Anatory na kuridhika: ananyonya, hatapiki, tezi zimeamka na zinajilimia zenyewe. Analia mpaka Placidius anasikia. Sijawahi kupenda kelele namna hii! Mashavu yamekwenda, na sijali. Jovitha ananisemesha tena. Nimeapa mbele yake na mbele ya baba kwamba dawa ya mtoto sitaigusa maisha yangu yote. Nimebadilika kabisa.

Jumatatu ni siku ya kupima watoto. Mizani itasema amepungua, Anonciata ataandika kwenye kadi, na Placidius atakuwa nyuma yetu kwenye foleni, amerefusha shingo. Lakini kadi si dawa. Nilichoapa ni dawa. Na kadi isipoonekana, hakuna wa kuandika.

Baba amechimba shimo jipya kwa ile sherehe yetu. Kadi nimeitia ndani ya kopo lile lile, pembeni, chini ya majani. Theoneste ameshaanza kufukia. Siku nne hakuna kugusa.