Posho ya Chuo Kikuu cha Ng'ambo

Katika Kolwezi, mji wa migodi huko Kongo, tangu mtoto anayejifunza kutembea hadi mzee anayesahau kutembea, kila mtu aliijua sheria ya posho: anayemwita mtu kazini humpa unga, yeye na watu wote wa nyumba yake. Kampuni ya shaba iliifundisha sheria hiyo miaka mingi. Kampuni ilipoanguka, sheria ilibaki imesimama.

Tharcisse aliijua pia, ila alidhani haimhusu. Mwaka 1993, siasa mbaya ilipokuwa ikiwafukuza watu wa asili ya Kasai, nao wakilala kituoni wakingoja treni, yeye aliona jambo moja tu: shule zimebaki bila walimu, maana wengi wao walikuwa Wakasai, na wazazi wanahaha. Basi akatundika kibao katika mtaa wa Manika: Chuo Kikuu cha Ng'ambo, Tawi la Kolwezi. Noti za siku zile zilifaa kufungia karanga tu, kwa hiyo ada ilitolewa kwa magunia ya unga. Lori la kuyatorosha ng'ambo ya mpaka lilikwisha kutafutwa.

Kikwazo kilikuwa Mama Adolphine, mkuu wa wazazi, aliyeyafungia magunia yote ghalani mwake hadi ubora wa masomo uthibitishwe. Tharcisse akamleta mkaguzi kutoka ng'ambo, yaani Stany, mume wa dada yake, ndani ya koti la kuazima. Stany akagonga ukuta wa darasa, akatega sikio, akautangaza ubora: “Kalite iko!”

“Ukuta tumesikia,” akasema Mama Adolphine. “Sasa tunataka kusikia mwalimu.”

Tharcisse akaenda kituoni. Hapo akamkuta Bilonda, mwalimu wa hesabu, ameketi na walimu wenzake juu ya magodoro yaliyofungwa kamba.

“Mama, ni kazi ya siku moja tu. Mufundishe mbele ya bazazi.”

“Na posho?”

“Kwangu posho haikosake, mama!”

Ahadi ya tapeli haina uzito. Ndiyo maana huzibeba nyingi bila kuchoka.

Kesho yake walimu walikuja wote, na Bilonda akafundisha. Mzazi mmoja, ambaye juzi tu alikuwa amepiga kelele kituoni, “Muende kwenu!”, aliinua kidole akaomba arudiwe zoezi. Alirudiwa. Wazazi wakapiga makofi, Mama Adolphine akafungua ghala, na Tharcisse akainua mkono kumwita dereva wa lori.

“Tata Rekta,” akaita Bilonda, kwa heshima ya baba mkuu wa chuo, “na posho yetu?”

“Kesho, mama.”

“Treni inaweza kuja leo. Batu ba nyumba zetu njo hawa.”

Mlangoni wakaingia waume, wake, watoto, na watoto waliobebwa na watoto.

“Tata Rekta,” akauliza Mama Adolphine kwa upole uliotisha, “hawa ni balimu bako, ao ulitudanganya?”

Tharcisse alifikiri kwa bidii ambayo shuleni hakuwahi kuionyesha. Akiwakana, amekiri utapeli, na ngumi za wazazi zilikuwa karibu kuliko mpaka. Akiwakubali, unga unaondoka.

“Ni bangu,” akasema, kama mtu anayemeza sindano.

Magunia yakagawanywa nyumba kwa nyumba hadi ghala likabaki na vumbi jeupe. Dereva akaondoka na lori lake; Stany alikwisha kutoweka pamoja na koti. Na kwa kuwa posho hufikishwa mlangoni, na watu wale hawakuwa na mlango mwingine ila wa behewa, Tata Rekta aliyabeba magunia mgongoni hadi kituoni.

Huko Mama Adolphine, aliyewafuata, akamshika Bilonda mkono. “Mwaka muzima ulifundisha batoto betu. Serikali haikukulipa, na sisi bazazi pia. Tulikuwa na haya hata ya kukuaga. Sasa deni imeisha.” Akageuka. “Aksanti, Tata Rekta. Wewe njo ulitukusanyia.”

Bilonda akafungua gunia, akachota bakuli moja la unga, akalikabidhi kwa Tharcisse.

“Tata, ulibeba. Posho yako hii. Nyumbani uko na bibi wa ndoa?”

“Hapana, mama.”

“Batoto?”

“Hapana.”

“Basi,” akasema Bilonda, akifunga gunia, “ni bakuli moja tu.”