Mtumiaji wa Mwisho

Jumatatu, 4 Machi

Leo serikali imekuja mtaani kwa miguu. Afisa wa kodi, dada mmoja mrefu mwenye viatu visivyo na sauti. Kapita karakana moja baada ya nyingine na habari ileile: hakuna tena kuuza kitu bila ankara ya kielektroniki. Unaijaza kwenye simu, unaituma serikalini, serikali inaipiga muhuri usioonekana, kisha mteja anapata ujumbe kwenye simu yake. Vitabu vya risiti tukafungie vitumbua. Ijumaa anarudi kukagua. Asiyetii, mlango wake unabandikwa karatasi nyekundu na kufungwa.

Nikamwambia, dada yangu, mimi nimetembea. Nimeishi miji ambayo hata ramani inaona aibu kuitaja. Hiyo mitambo yenu niliiona ikiwa bado inanyonya. Hakucheka. Akauliza nauza nini. Nikamwonyesha majeneza yaliyosimama ukutani.

“Biashara safi kuliko zote hii,” nikamwambia. “Hakuna mteja aliyewahi kurudisha mzigo.”

Bado hakucheka. Kaandika tu.

Nafanya utani, lakini hili si la mchezo. Karakana hii si yangu. Aliijenga baba mkwe, Mungu amrehemu, na randa yake bado inaning'inia juu ya mlango. Mama mkwe anaishi chumba cha nyuma. Kila asubuhi anasubiri asikie msumeno ndipo anyanyuke. Nikichelewa anauliza kama na mimi nimeshapata jeneza la kwangu. Karatasi nyekundu ikibandikwa chini ya ile randa, nitakuwa nimemzika yule mzee mara ya pili. Na hospitali, mteja wetu mkubwa, imekwisha tangaza kwamba itanunua kwa fundi mwenye ankara za kielektroniki tu.

Na ng'ambo ya barabara yuko Bwana Rula. Seremala wa milango. Tunamwita Rula kwa sababu hupima hata kipande cha mkate kabla ya kukikata. Naye kaanza kutengeneza jeneza, kisa na maana anaitaka hospitali. Nimeenda kulitazama. Kaliwekea kitasa. Sasa nani atafungua kwa ndani?

Jumanne, 5 Machi

Mafunzo ya bure, ukumbi wa mikutano. Mke wangu kanipigia pasi shati. Kanifunga kifungo cha juu mwenyewe, akasema baba watoto, leo ukae mpaka mwisho, nakujua. Nikamwambia mimi si mtu wa kufundishwa mara mbili. Akasema ndiyo, hata ya kwanza hujawahi kuimaliza.

Nimekaa mbele. Rula kakaa nyuma na daftari, kalamu na chupa ya maji, utadhani anasafiri. Mwalimu ni kijana mwenye sauti ya kusoma habari. Kaeleza ankara ina muuzaji, ina bidhaa, ina mnunuzi. Kisha akatamka neno ambalo kwangu lilikuwa kama taa kuwashwa. Mtu akinunua kwa matumizi yake, siyo kwa kwenda kuuza tena, mwandikeni kama mtumiaji wa mwisho. Jina lake, namba ya kitambulisho chake, simu yake.

Mtumiaji wa mwisho!

Wenzangu wakaanza kuinua mikono. Muuza rangi anauliza, fundi viti anauliza. Wanahangaika, maskini, nani hasa ndiye wa mwisho kuitumia rangi ya ukuta. Mimi nimetulia tuli. Wa kwangu anajulikana. Ukumbi mzima ule hakuna aliye na mtumiaji wa mwisho zaidi kuliko wangu.

Mwalimu akatangaza kwamba baada ya chai ataeleza makosa ya kawaida na jinsi ya kuyafuta. Makosa ya kawaida ni ya watu wa kawaida. Nikasaini mahudhurio ya asubuhi, nikasaini na ya mchana palepale, nikatokea mlango wa jikoni.

Nyumbani nimesema mafunzo yalikuwa mazito. Mke wangu kanitazama kifungo cha juu. Kilikuwa wazi.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wangu: niwe wa kwanza mtaani. Rula bado anachora mistari kwenye daftari, mimi nimeingiza mauzo yote ya karibuni. Kila familia huniletea nakala ya kitambulisho cha marehemu ili nisikosee kuchonga jina kwenye kibao. Kumbe akiba haiozi! Jina, namba, hiyo hapo. Na simu zao nyingi ninazo. Mimi sijawahi kufuta namba ya mtu kwa sababu tu amekufa.

Nikaanza na mwalimu mstaafu. Nikaja kwa mama mshonaji wa sare za shule, aliyenishonea hili shati. Nikamaliza na mzee fundi saa, ambaye tunamzika kesho. Jeneza lake limechukuliwa asubuhi. Urefu mikono minne, mbao nzuri, kona hazionekani zilipounganishwa. Nikatuma. Ujumbe ukasema zinasubiri muhuri wa serikali.

Ikabaki moja. Wiki iliyopita alikuja dada mmoja mfua nguo wa mtaa wa chini. Alikuja na shuka iliyokunjwa, akaniuliza kama hiyo inatosha kuwa kipimo. Mtoto wake. Nikamtengenezea, na hela sikutaka. Leo nikaandika bei sifuri, mfumo ukakataa. Nikajaribu tena, ukakataa. Mfumo unajua kuuza, haujui kutoa. Basi nikaweka bei na kodi yake nikailipa mwenyewe. Ukataka mtumiaji wa mwisho. Mtoto hana kitambulisho, hana simu. Na hata angekuwa navyo. Nilianza herufi ya kwanza ya jina lake, kidole kikagoma. Nikaandika langu.

Mke wangu kapita na chai, kachungulia. Kauliza nani kasema tuwaandike marehemu. Nikasema mwalimu, kwa mdomo wake. Akasimama hapo na kikombe mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 7 Machi

Tumemzika fundi saa. Watu wengi. Nusu ya mji iliwahi kuchelewa mahali ikamlaumu yeye. Mimi nilishika kona ya mbele ya jeneza, na Rula nyuma, akilipapasa kutafuta viungio. Hakuviona, nikapata faraja.

Lilipokaa kaburini, watu wakanyamaza. Kimya kile ambacho hata mwenye kikohozi hukimeza. Hapo ndipo simu ilipolia kwenye mkoba wa mjane. Simu ya marehemu. Mlio wake ni wa saa ya ukutani, ikigonga. Mwanawe mkubwa akaitoa haraka, akadhani ni ndugu wa mbali asiye na habari. Akaanza kusoma kwa sauti kabla hajajua anasoma nini.

“Ndugu mteja, hongera kwa ununuzi wako. Tunatumaini utaifurahia bidhaa. Bonyeza moja kuthibitisha umeipokea. Karibu tena.”

Chini yake jina la karakana yetu, na la bidhaa, na la baba yake.

Serikali ilikuwa imekaa na ule muhuri siku nzima. Ikachagua dakika hiyo.

Yule kijana akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. Mimi nikawa nachunguza mawingu. Rula akakohoa kikohozi chenye meno. Nikajua mwisho wangu umefika, na bahati nzuri shimo lipo tayari.

Lakini mjane akanyoosha mkono, akaitaka simu. Akaishika. Akatazama jeneza, akatazama kioo, akabonyeza moja. Kisha akasema, wala si kwa kupaza:

“Hajawahi kupokea kitu cha mtu akanyamaza. Nimemjibia.”

Watu wakacheka huku wanalia, ndipo mchanga ukaanza kuingia. Na mimi nililia. Kwa jicho moja. La pili lilikuwa linamwangalia yule kijana.

Jioni binti wa mshonaji kaja mlangoni. Simu ya mama yake anaitumia yeye siku hizi. Kauliza ni nani anamtania mama yake kaburini. Nikamweleza ni sheria mpya. Hakuingia ndani.

Ijumaa, 8 Machi

Dada wa kodi kaja na kioo chake cha kubonyeza. Kakaa kwenye benchi la randa, kafungua, kakunja uso. Akanieleza polepole kama mtu anayeongea na mgonjwa: kuna matapeli wanaowauzia bidhaa watu waliokufa, kwa makaratasi, ili kuficha mzigo. Ndiyo maana mtambo wao hulinganisha majina na daftari la vifo. Na jana jina langu liliwasha taa ofisini kwao.

“Wanunuzi wako ni wafu, fundi. Unanielewa?”

“Nakuelewa, dada. Hao ndio ninaowatengenezea.”

Mama mkwe akadakia kutoka chumba cha nyuma: “Angewatengenezea wazima si wangekuja kutupiga!”

Nikaeleza habari ya mtumiaji wa mwisho. Nimeieleza vizuri, kwa mifano, nikamgusia na ugumu wa mwenzangu wa rangi. Dada akaweka kiganja mdomoni, akageukia majeneza, akanipa mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa wa serikali. Akasema anayeandikwa ni aliyekuja kununua: mjane, mtoto, ndugu. Lilielezwa baada ya chai. Nikasema ndiyo, nakumbuka, chai ilikuwa nzito.

Kisha akafika kwenye ile ya mwisho. Akaisoma, akanipima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni.

“Hii ina jina lako. Na ni jeneza dogo. Wewe ungeingiaje humo?”

Nilikuwa na utani tayari, kuhusu tumbo langu. Haukutoka. Nikamweleza shuka. Nikamweleza sifuri iliyokataliwa, na kidole.

Nje walikuwa wanashusha mabati, tukayasikiliza.

“Hiyo huandikwa zawadi,” akasema mwishowe. “Ina sehemu yake kwenye mfumo.”

“Mfumo una sehemu ya zawadi?”

“Upo ukurasa mzima. Ulielezwa baada ya chai, fundi.”

Hukumu yake: karatasi nyekundu hanibandiki leo. Kesho mafunzo yanarudiwa. Niende, nikae mpaka mwisho, tuzirekebishe ankara zote pamoja, na ya mtoto ataiweka kwenye zawadi mwenyewe. Kuna namna mbili za kufuta na hazifanani. Mpaka hapo nisiguse kitu. Akairudia mara mbili hiyo, tena akimtazama mke wangu. Hospitali nayo itasubiri hadi Jumatatu. Nikiwa msafi, kazi inabaki hapa. La sivyo ni ya Rula.

Rula keshapata stika yake nyeupe ya kufuzu. Kaibandika mlangoni, na anaifuta vumbi ambalo halipo.

Mama mkwe kaniita. Kaniambia mwanangu, baba yao hakuwahi kusoma, lakini akiambiwa usiguse, alikuwa hagusi. Nikamwahidi kwa jina la ile randa.

Jumamosi, 9 Machi

Nilikuwa nimevaa. Shati, kifungo cha juu, kila kitu. Kufika kona nasikia kwamba katika mafunzo ya leo Rula kaalikwa kuwa mfano wa kuigwa. Atasimama mbele aeleze alivyofanikiwa. Sasa mimi nikae nimsikilize mtu anayeweka kitasa kwenye jeneza? Nikarudi kwa njia ya uani.

Na kwa kweli jambo lenyewe ni dogo. Mtu mzima, niliyekula chumvi nyingi, nisubiri kushikwa mkono kwa kitufe? Nikafungua mfumo. Namna zilikuwepo mbili kweli. Moja: “Sahihisha mnunuzi.” Hiyo inaonekana kama kukiri kosa. Ya pili: “Batilisha na urejeshe, zote.” Hiyo ina heshima. Inarejesha. Nikabonyeza. Kumbe kufuta hakusubiri muhuri, papo kwa papo! Safi. Hakuna mfu hata mmoja aliyebaki kwenye vitabu vyangu.

Simu yangu ikalia. Mfumo, kwa sababu ya ile ankara yenye jina langu.

“Ndugu mteja, mauzo yamebatilishwa. Tafadhali rudisha bidhaa kwa muuzaji ikiwa katika hali yake ya awali. Ujumbe huu umetumwa kwa wateja wote.”

Nimeusoma tena. Nikaiona ile shuka na mikunjo yake. Jeneza lile halirudi. Nimeufuta, nikakaa kidogo bila kuwasha msumeno, mpaka mama mkwe akauliza kule nyuma kama nimeshapata la kwangu.

Basi nikanyanyuka, yaliyopita si ndwele. Nikamwonyesha mke wangu kazi ilivyokwisha kabla hata ya chai. Kasoma. Kakaa chini juu ya mbao mbichi na gauni lake zuri. Furaha humfanya mtu hivyo.

Naandika haya dirishani. Naona watu wanaingia mtaani kwetu. Mbele mwana wa fundi saa, anatembea haraka. Nyuma yake binti wa mshonaji. Nyuma yao wale wa mwalimu mstaafu, ukoo mzima, na wengine siwajui. Kila mmoja kashika simu mkononi. Rula katoka mapema mafunzoni, anawaonyesha mlango kwa kidole.

Wamekuja kushukuru. Nimesema wawekewe viti.

Na nitamwambia yule dada wa kodi Jumatatu, mbele ya watu wa hospitali: zamani wateja wangu walikuwa hawarudi. Tangu nianze ankara za kielektroniki, wanarudi wote.