Wale Wawili Waliotutangulia

Jumamosi, tarehe 2 Agosti

Likizo imeanza. Likizo! Wenzangu wakisema likizo wana maana ya kulala. Mke wangu ana maana ya kutembea kwa miguu pwani nzima, kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, begi mgongoni. Mimi ni mwalimu wa udereva. Miguu yangu kazi yake ni klachi na breki. Yeye ni nesi wa wodi ya wazazi, anashinda kutwa amesimama, kwa hiyo kwake haya ni mapumziko.

Sina ujanja. Hospitali ya mji anakoishi dada yake inamtaka, na jibu anatakiwa kulitoa akirudi. Kaniambia wazi kwamba hajaamua, lakini akienda, anakwenda peke yake. Nilipouliza kosa langu, akasema tangu anioe... hapana, tangu nimuoe (naandika kwa hasira), mimi natangulia. Sokoni natangulia. Harusini natangulia. Kwenye mazishi ya mama yake nilifika kaburini kabla ya jeneza. Anasema kisogo changu anakijua kuliko uso. Sharti lake ni moja tu: wiki hii tutembee bega kwa bega. Akiona naweza, atabaki.

Bega kwa bega! Kumbe jambo lenyewe dogo hivyo. Nitatembea ubavuni mwake pale anapotazama, na palipo na njia ya mkato nitaikata. Nampenda mke wangu, sitaki aende. Ila mwendo wake, jamani, ni wa kinyonga.

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Tumeanza. Nilikaa ubavuni mwake mpaka kwenye majabali ya kwanza. Hapo miguu ikaniponyoka yenyewe. Nilipogeuka alikuwa mbali, mikono kiunoni. Nikamwambia nilikuwa nakagua usalama wa njia. Akaniita Breki, jina lake la kunitania nyumbani, kwa sababu hata mezani mguu wangu wa kulia hukanyaga sakafu mtu akipita haraka. Akicheka na kuniita Breki, mambo si mabaya.

Halafu tukawaona wale wawili. Mume na mke, mbele yetu ufukweni, tunaona visogo vyao tu. Wanatembea bega kwa bega, mwanamume amebeba mabegi yote mawili. Mke wangu akasema tazama, hivyo ndivyo watu wanavyotembea. Ebo! Wapenda sifa hao. Nikakaza mwendo niwapite, nimwone huyo bwana sura. Wao hawakuongeza mwendo. Umbali ukabaki uleule. Nikakimbia. Uleule! Nilisimama nikihema, mbavu zinauma. Jamaa amevaa kofia ya njano kama yangu. Si ajabu, kofia za hivi zimejaa kila mahali.

Ajabu ni nyayo zao. Mke wangu ndiye aliyeziona. Zilitoka majini. Jozi mbili, ubavu kwa ubavu, kutoka kwenye povu la mawimbi hadi mchanga mkavu, na hata kwenye mchanga mkavu zilikuwa na maji. Nikamwambia ni waogeleaji. Akauliza, na mabegi? Nikamwambia watu wengine hawana mpangilio. Hakucheka.

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Jana tulipofika nyumba ya wageni, yule mama mwenye nyumba alitoka na ndoo mkononi, akauliza tumesahau nini. Tukamtazama. Akasema si tulilala kwake juzi? Akanisifu mbele ya mke wangu: mwanamume wa kukunja mashuka mwenyewe, wa kumsubiri mkewe mlangoni mpaka afunge viatu, hajapata kumwona. Nikasema si kitu, mama, ni kawaida yangu. Mke wangu akanifinya mpaka nikaruka. Basi, sifa ikipita karibu yangu siwezi kuiacha idondoke.

Mama alipotutazama vizuri, akaweka ndoo chini. Akatuambia kwamba kule mbele ukungu hushuka mchana kweupe. Mtu akipotezana na mwenzake, asimame palepale asubiri. Na mwenzake akitokea, asishike mkono wake mpaka aitwe jina wanaloitana nyumbani. Nikamshukuru kwa hadithi. Mke wangu hakushukuru. Alikuwa anatazama sakafu ya barazani, ambako jua lote lile lilikuwa halijakausha alama za miguu miwili miwili.

Mimi kilichoniuma ni kimoja. Kuna mtu anazunguka pwani hii ananifanya nionekane mume mbaya.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nyumba ya pili. Mwenyewe ni mpishi aliyestaafu, mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa ya kunisifu. Eti juzi nilimmenyea vitunguu. Eti nilimpepea mke wangu usingizini. Nilitamani kumpiga mtu.

Nikala njama. Kama ni kubeba mabegi, tubebe! Asubuhi nikachukua begi la mke wangu, nikalivaa kifuani, langu mgongoni. Lilikuwa zito ajabu. Kumbe humo mna pasi yangu na viatu vyangu vya ngozi, nilivyovitia Jumamosi alipokuwa anaoga. Nikajikaza kisabuni. Nilitembea ubavuni mwake, jasho linanitiririka, siwezi kutangulia hata nikitaka. Na hapo, loh, akanishika mkono. Akaanza kunihadithia habari za wodini, mambo ya mwaka mzima ambayo sikuwahi kuyasikia. Kumbe anachekesha! Nilifurahi. Naandika kama ilivyo: nilifurahi kweli.

Tukiwa hivyo, wale wawili mbele wakasimama. Hawakugeuka. Upepo ulikata, hata mawimbi yalipungua sauti. Ndipo yule mwanamume akainua mguu wake wa kulia, akakanyaga mchanga. Akainua tena, akakanyaga tena. Polepole, kwa kisigino, kama mtu anayetafuta breki.

Mke wangu alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Akasema turudi nyumbani. Akasema bega kwa bega nimeshaionyesha, leo ameiona, inamtosha, ile hospitali ataijibu hapana. Turudi tu, sasa hivi.

Nilikuwa nimeshinda! Lakini hebu fikiria. Nirudi nyumbani, halafu maisha yangu yote nijue kwamba lile jamaa la kofia ya njano lilibaki mbele? Thubutu. Nikamwambia siku moja tu. Nikimpita, tunarudi. Akaachia mkono wangu.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Ukungu ulishuka mchana, kama alivyosema mama. Mweupe, baridi, una harufu ya mwani. Tulikuwa tumefika mahali njia inapogawanyika. Ufukwe unazunguka rasi, mwendo mrefu. Kijia kinakata juu ya kilima na kuteremkia upande wa pili, karibu kabisa na nyumba ya wageni ya mwisho. Wale wawili walifuata ufukwe. Niliviona visogo vyao vikimezwa na ukungu.

Akili ikanijia hapo hapo! Mke wangu akae juu ya jabali, afunge kamba ya kiatu, apumzike. Mimi nipande kilima, niteremke, niwatokee kwa mbele, nimtazame huyo bwana usoni, kisha nirudi kumchukua. Kazi ya dakika. Mke wangu alishika mkanda wa begi langu. Hakugomba. Aliniambia tu nisimwache. Nikamwambia simwachi, natangulia kidogo. Nikamrudishia begi lake, maana kilima na pasi haviendani.

Kule juu sikuona hata mkono wangu. Nilisikia nyuma yangu kitu kama mtu anatembea kwa viatu vilivyojaa maji. Nikisimama, kinasimama. Mwangwi huo, bila shaka. Nilipoteremka ufukweni, hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo. Zimekuja pamoja mpaka katikati ya mchanga, zikaachana. Za kiume zimegeuka kuizunguka rasi, zinarudi kule nilikomwacha mke wangu. Za kike zimepanda kwenye nyumba ya wageni. Wamegombana! Nilicheka peke yangu kama chizi. Bwana mwema kagombana na mkewe!

Nikataka kurudi kumchukua mke wangu. Lakini nikainua macho, na yule pale! Ameketi kwenye benchi nje ya nyumba ya wageni, begi mapajani, gauni limelowa mpaka magotini. Nilishangaa alivyonipita. Nilijiandaa kusomewa mashtaka. Akatabasamu. Akasema karibu, mume wangu.

Mume wangu! Tangu tuoane hajaniita hivyo, hata siku ya harusi. Nilikumbuka maneno ya yule mama kuhusu jina la nyumbani, lakini mtu akikupandisha cheo utamwuliza kwa nini? Nikamshika mkono. Wa baridi kama samaki wa kwenye jokofu. Mwenye nyumba alitazama dirishani, akavuta pazia, akagoma kutufungulia. Huduma mbovu. Tumepanda basi la kurudi leo hii hii.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Safari imetubadilishia ndoa! Kutoka kituoni hadi nyumbani mke wangu alitembea nyuma yangu. Nyuma kabisa, hatua kwa hatua. Nikisimama anasimama. Nikienda anaenda. Nikamwuliza habari za ile hospitali, akasema mimi nilipo ndipo atakapokuwa. Nikamwuliza kama alikasirika kuachwa kwenye jabali, akasema hapana, mume wangu. Nimesema chai nzuri ni ya baridi, kumjaribu. Akasema ndiyo, mume wangu.

Kasoro ni ndogo ndogo. Hali chakula, anasema ameshiba. Kitanda kina mchanga, nikikung'uta unarudi. Sakafu kila anapopita inabaki na maji, na maji yenyewe nimeonja, ni ya chumvi. Mchana husimama koridoni akitazama ukuta, mpaka mimi niinuke, ndipo naye anageuka. Paka wa jirani aliyekuwa anashinda kwetu amehamia juu ya paa na hashuki.

Leo alitaka kufuatana nami kazini. Akaketi kiti cha nyuma cha gari la mafunzo. Mwanafunzi wangu, mama mmoja mwenye duka la vitambaa, alitazama kioo cha ndani kama nilivyomfundisha. Akatazama tena. Akaniuliza kwa sauti ndogo mbona shemeji hapepesi macho. Nikamwambia aangalie barabara. Akasimamisha gari katikati ya njia, akavuta breki ya mkono, akashuka, akaenda zake kwa miguu bila kuchukua mkoba wake. Huyo kwenye mtihani hapiti.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Asubuhi simu. Shemeji yangu, dada wa mke wangu. Hakunisalimu. Akaniporomoshea matusi mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Eti mdogo wake yuko kwake tangu juzi, nyayo zote malengelenge, hatamki neno, na leo ameikubali kazi ya ile hospitali. Nikacheka. Nikamwambia mdogo wake yuko hapa nyuma yangu, ameshika begi langu.

Mara simu ikachukuliwa na mtu mwingine, akaniita Breki.

Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Akanieleza. Alikaa juu ya jabali kama nilivyomwambia. Eti nikatokea kwenye ukungu, kofia yangu, shati langu, uso wangu. Nikachukua begi lake. Nikasimama ubavuni mwake, kimya, nikanyoosha mkono, nikamsubiri mpaka amalize kufunga kamba ya kiatu. Hapo ndipo moyo wake ulipokufa. Alijua si mimi, hata kabla ya kungoja jina. Nikamwuliza alijuaje. Akasema, kwa sababu mtu yule alimsubiri.

Alikimbia mpaka barabara ya lami, kisha akapanda lori. Akaniuliza mimi nimerudi na nani. Akalia. Akasema nitoke ndani ya nyumba, nisigeuke, nipande basi la mchana, atakuja kunipokea kituoni. Akasema tukionana salama tutazungumza upya, hata habari za kazi. Akasema tafadhali, Breki.

Nilifikiri. Nasema kweli, nilifikiri. Kwa upande mmoja, sauti ile ilinichoma. Nilikumbuka hadithi za wodini na mkono wake kwenye mkono wangu. Kwa upande mwingine, huu si utovu wa heshima? Mtu anasubiriwa, anabebewa begi, na kwa hilo tu anajua huyo si mumewe! Mimi nimsafirie mtu anayenifikiria hivyo? Halafu kule niombe radhi, nitembee ubavuni kama kinyonga mpaka kufa? Na hapa nina mke asiyenung'unika hata kidogo.

Nikamwambia amekosea namba. Nikakata.

Imeita tena na tena. Nimeizima.

Mke wangu amefurahi. Nimejua kwa sababu maji yamezidi sakafuni. Ameomba jambo moja, la kwanza tangu turudi: kesho twende tena pwani, kwenye ile njia. Anasema kuna mtu kule amebaki peke yake, anatungoja. Nimemwambia hakuna tabu, huyo jamaa safari hii nitampita. Ila tuelewane mapema, njiani mimi ndiye wa mbele.

Akasema ndiyo, mume wangu, wewe tangulia.