Mwamba Uliogoma Kupoa

Jumatatu, 4 Machi
Mkutano wa asubuhi handakini. Kahawa, maandazi ya iliki. Bosi wetu, Bi Orvokki, katangaza kwamba atateua kiongozi wa jaribio. Tumefukia hita ndani ya mwamba badala ya taka za nyuklia, tuone jiwe litastahimili vipi joto siku taka zenyewe zitakapozikwa. Mimi nimesema ukuta utapasuka wiki hii. Mwenzangu Raija kasema labda kiangazi. Kasema kwa upole, huku akinisogezea sukari. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 5 Machi
Ukuta kimya. Vinasa sauti vilivyochomekwa mwambani havijasikia hata mchakacho. Raija kaniuliza mpasuko wangu umekwama foleni gani. Wote wamecheka. Saa ya chakula nimebaki peke yangu, nikapandisha hita. Kidogo. Basi, si kidogo.

Jumatano, 6 Machi
Mwamba umeanza kulia, ta, ta, kama mafuta kikaangoni. Nimefurahi hadi kahawa ikanipalia. Kisha milio ikazidi. Nikashusha hita. Wapi. Nikaizima kabisa, jiwe bado linalia. Joto lilishazama ndani, na mwamba hauna haraka ya kupoa.

Ndipo nikamwona Raija kapiga magoti chini ya ukuta uleule, anabadilisha kipima joto. Kumwambia ukweli ni kujichongea. Nikamwambia kwamba Bi Orvokki anamwita juu, sasa hivi.

"Ananiitia nini?"

"Sijui. Kakasirika."

Akaanza kukusanya vifaa, kimoja kimoja.

"Viache, Raija. Nakuomba."

Kaniangalia kwa mshangao, akaja. Hajanifikia, bapa la jiwe pana kama mlango likabanduka na kuanguka pale alipokuwa. Vumbi tupu.

Alhamisi, 7 Machi
Raija kagundua kwamba hakuna aliyemwita. Kaja kukaa karibu nami, kaniuliza nani alizima hita, na kabla ya kuizima aliifanya nini. Nikaanza habari za hitilafu ya umeme.

"Ilpo, mimi nina watoto," akasema.

Tukaenda ofisini pamoja, nikasema yote. Bi Orvokki hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Nisiguse hita tena, na kuanzia kesho niko kwenye pampu za maji. Uongozi kapewa Raija. Usingizi sina. Kila nikifumba macho naliona lile bapa.

Jumatatu, 11 Machi
Nimebadilika. Pampu ni kazi ya amani, na mimi sasa ni mtu wa amani. Mkutanoni Raija kasema mwamba utapoa taratibu, mpaka Juni. Nikasema Aprili. Hakuna aliyeniuliza. Raija katabasamu tu, yule mama.

Maji baridi ya pampu yangu yanapita nyuma ya ukuta huohuo. Nimeipitia amri ya Bi Orvokki kichwani, neno kwa neno. Alikataza hita. Koki ya maji hakuitaja.