Kioo cha Laptopu na Kadi za Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Kazi kubwa imeingia! Shangazi, aliyenilea tangu nina miaka sita, anaolewa tena, na kadi mia mbili za mwaliko nachapa mimi. Ameniachia kipande cha kitambaa cha gauni lake, zambarau iliyokolea. Kadi ifanane nacho vilevile, la sivyo kazi inavuka barabara kwa Miwani, yule mpiga picha anayejifanya anajua kila kitu. Alisema hivyo bila kupepesa macho. Nikasema hewala. Tatizo dogo tu: kioo cha laptopu yangu kina uongo. Zambarau ya asubuhi, mchana inakuwa wino.

Jumanne, 4 Machi
Miwani ana kidude cha kupimia rangi. Anakibandika kwenye kioo, laptopu inatengeneza faili, rangi zinanyooka. Nikakiazime kwake? Nife kwanza! Halafu akili ikanijia: faili si lipo tayari kwake? Nikaenda kumjulia hali. Alipotoka kupokea simu, nikalinakili kwenye flashi. Sekunde nane! Nimeliweka kwangu. Kila kitu kimekuwa samawati, hata uso wangu kwenye picha ya kitambulisho. Kumbe miaka yote macho yangu ndiyo yalikuwa na kasoro. Nimeiongezea kadi wekundu hadi pale kiooni ikalingana na kitambaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimechapa kadi ya mfano. Damu ya mzee! Shangazi akaishika kwa vidole viwili, akaitazama, akanitazama mimi.
"Mwanangu, mimi naolewa au nazikwa?"
Akairudisha kadi mezani. Amenipa hadi Ijumaa. Naogopa kumwangusha, nasema kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemeza kiburi, nikaenda kwa Miwani na laptopu kwapani. Nikakiri yote. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniudhi. Akasema faili lile lilipima kioo chake, si changu. Eti nimevaa miwani ya mtu halafu nalaumu njia. Akaiacha laptopu iwake nusu saa, akazima ule mtindo wa mwanga wa kioo kujibadilisha wenyewe, akabandika kidude. Hakunitoza hata senti. Akasisitiza jambo moja: nisiguse tena mwanga wala rangi za kioo. Nikamwambia mimi si mjinga kiasi hicho.
Jioni nikaondoa ule wekundu wa Jumanne, nikachapa mfano mwingine. Zambarau yenyewe! Shangazi aliiweka kadi juu ya kitambaa, akashindwa kuona inaanzia wapi. Akanishika shavu. Machozi yalinitoka kidogo. Nikasingizia vumbi la karatasi.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya kuchapa zote. Nimetulia tuli. Ila nimekitazama kioo vizuri: kimepooza, kama Miwani mwenyewe. Nikaongeza mwanga kidogo na wekundu kidogo. Kikachangamka! Sasa kadi ikaonekana kiooni nyekundu kuliko kitambaa, basi nikapunguza wekundu kwenye kadi yenyewe. Vimefanana kama pacha. Mfano mwingine wa nini, wakati jicho limeshafundwa? Mashine imefika kadi ya mia na hamsini, sijazigusa, zipo kifudifudi kwenye trei. Nimempigia Shangazi aje, na nikamwomba ampitie Miwani njiani. Nataka awepo aone.