Profesa na Kelele za Ardhi

Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku aliponunua miwani, na kwa kuwa hakuna aliyemdai cheti, kikamkaa. Alikuwa na suti moja, kalamu tatu mfukoni mwa koti, na pikipiki nyekundu, mali pekee maishani mwake aliyoipata kwa njia ya halali. Aliipenda kuliko ndugu zake, ambao nao hawakuwa na haja naye.

Asubuhi hiyo alikuwa ameegesha mbele ya duka la fundi saa, akimtafuta mjinga wa siku, alipoona watu waliovaa vizibao vya kung'aa wakichomeka vikopo vya chuma kando ya barabara, kimoja kila baada ya hatua ishirini. Akamsogelea binti aliyekuwa akiandika kwenye daftari.

"Dada, mnapanda nini?"

"Hatupandi, kaka. Tunasikiliza."

"Mnamsikiliza nani?"

"Ardhi. Lori likipita, mtikisiko wake unakwenda chini. Kikopo hiki kinausikia, kile kinausikia baadaye kidogo. Tukilinganisha vilivyosikia kwa siku kadhaa, tunajua mtikisiko umepita kwenye nini. Kwenye mwamba unakimbia, kwenye udongo laini unajikokota, kwenye uwazi unayumba. Mwisho tunapata picha ya huko chini bila kuchimba."

"Kwa kelele tu?"

"Kelele ndiyo taa yetu."

Mtu mwingine angeshukuru kwa elimu ya bure akaenda zake. Profesa alishika mambo matatu tu: picha, chini, bila kuchimba. Bidhaa isiyoonekana wala kuchunguzika! Machozi ya furaha yalimlengalenga, na tusimcheke, maana hata wacha Mungu hulia wanapojibiwa dua.

Vikopo viwili vilikuwa vimechomekwa katika ua wa Mama Mabati, mjane aliyeuza mabati, misumari na ushauri usioombwa. Profesa aliingia humo akiwa ameshika kalamu zote tatu.

"Mama, mimi ndiye mkuu wa wale wenye vizibao. Nisikufiche. Chini ya ua wako kuna chumba. Na chumba cha namna hiyo, mama, hakijengwi kwa ajili ya kuhifadhi hewa."

"Maskini mimi! Kuna nini?"

"Ndiyo maana kuna ada ndogo ya kusafisha picha."

Mama Mabati akajifuta jasho kwa ncha ya khanga. "Mwanangu, mimi macho yangu ni ya kizamani. Niletee kwanza hiyo picha chafu, tutaisafisha tukiiona."

Baada ya siku chache Profesa akarudi kwa binti wa daftari, akajitambulisha kama mshauri wa mwenye ua. Binti akamtazama kuanzia miwani hadi viatu, kisha akamtolea karatasi upesi kabisa. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini amepewa upesi vile.

Picha ilikuwa na rangi nyingi, na katika kona ya ua palikuwa na doa jeusi la mraba.

"Hii nini, dada?"

"Uwazi. Una kuta za mawe, umefunikwa kwa zege, unakwenda chini kama mita nne. Ni wa zamani."

"Ndani kuna kitu?"

"Kipo. Si mtupu."

Profesa akaikunja karatasi, akaificha kotini. Miaka yote alikuwa akiwauzia watu uongo, na leo uongo wake umemgeukia kuwa kweli! Kuta za mawe! Nani hujenga kuta za mawe kuficha upuuzi? Hapo hapo akaacha kuwa muuzaji, akawa mteja, na mteja mwenye pupa hana dawa.

Alirudi kwa Mama Mabati uso umemshuka. "Mama, pole. Hakuna kitu. Lakini kwa ajili ya utafiti ningependa kuchimba pale konani, kisha nifukie na kusawazisha."

"Pale? Hapana, mwanangu. Marehemu mume wangu alikataza mtu yeyote asikanyage pale mpaka anakata roho."

Hilo ndilo lililommaliza. Akabembeleza kutwa nzima. Mama Mabati akawa mgumu, akalia kidogo, akamkumbuka marehemu, akaulizia pikipiki kama inakula mafuta mengi. Jioni wakaandikiana mbele ya fundi saa: pikipiki ni ya mama, vyote vitakavyokutwa shimoni ni vya Profesa, naye atavihamisha vyote, asiache hata chembe. Kipengele hicho cha mwisho alikisisitiza Profesa mwenyewe, asije akadhulumiwa. Alipokabidhi ufunguo, aliipapasa pikipiki kwa uchungu wa kweli.

Alichimba siku tatu, suruali ya suti imekunjwa magotini. Siku ya tatu mchana sururu ikagonga zege. Akapiga, akapiga, zege likapasuka, na harufu ikatoka kumlaki kama jamaa waliopoteana miaka mingi.

"Mama!" alipiga kelele. "Hiki ni choo!"

"Cha kambi ya wajenzi wa barabara," alisema Mama Mabati ukingoni, khanga puani. "Watu mia mbili, miaka sita. Marehemu aliogopa mtu asitumbukie, ila hakukumbuka vizuri kilianzia wapi na kuishia wapi. Nami nataka kujenga stoo. Wanyonya vyoo wote walikuja wakachungulia wakakimbia."

"Umenitapeli!"

"Mimi? Wewe ndiye uliyeniambia hakuna kitu."

Pikipiki nyekundu ikanguruma getini. Profesa aliujua mlio ule kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Aliyeshuka ni binti wa daftari.

"Shangazi, inakwenda vizuri mno," alisema, akamrudishia mama ufunguo. Kisha akachuchumaa kando ya kikopo chake, akakisikiliza, na uso wake ukachanua. Akainama juu ya shimo.

"Kaka, endelea kupiga sururu, tafadhali. Malori yalitupa picha ya ukungu, lakini hizi kelele zako tangu juzi zimetuonyesha kitu kipya kabisa. Hapo mkono wako wa kushoto kuna cha pili."

Fundi saa, shahidi wa mkataba, aliyevutwa ukingoni na makelele, akaifunua karatasi na kusoma kwa sauti: "Vyote."